Ndala Zilizobaki Kapuni

Mara ya mwisho niliwaacha mbele ya mnara wa taa, mashine imezimika, bwana harusi anatapika upande huu na bibi harusi amenuna upande ule. Wengi mmeniuliza kama ndoa ile ilifika nchi kavu. Ilifika. Bibi harusi alishuka kamshika mumewe mkono, akaniambia kwamba mtu uliyemwona akitapika namna ile hana tena cha kukuficha. Basi tuwaache na maisha yao, tuje kwenye yangu.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mimi ni mjane. Marehemu mume wangu aliniachia binti mmoja, nyumba ya vyumba viwili, na boti yenye kioo sakafuni. Watu huipanda wakatazama matumbawe na samaki bila kulowa hata kucha. Mdogo wake marehemu, shemeji yangu, ndiye nahodha. Binti yangu ndiye mwongoza wageni. Mimi bahari naiogopa tangu utoto, na kila asubuhi naipanda, kwa sababu sheria ya gati letu ni kwamba boti ambayo mwenyewe haonekani ndani yake hunyang'anywa nafasi yake ngazini.

Mnajua pia kwamba mkubwa wa ukoo, kaka yao marehemu na shemeji, ameshatoa kauli. Ikifika Jumamosi hatujapata kazi ya kudumu, boti inauzwa kwa Miwani.

Miwani ana boti mbili zenye paa la turubai na spika kubwa kama kabati. Jina amelipata kwa miwani myeusi asiyoivua, nasikia hata mkewe macho yake anayahadithiwa tu. Naye kwa kulipenda jina hilo amechora miwani ya rangi ya njano kwenye kila alicho nacho: boti, ndoo, makasia, mpaka jiwe la nanga.

Hapo ndipo tulipofikia. Sasa sikilizeni ya Alhamisi.

Juu ya kilima kuna hoteli kubwa, na meneja wake ni mwanamke mwenye maneno machache kama chumvi ya mgonjwa. Nilikuwa nimemwendea mara nyingi kumwomba wageni. Mara hii alikubali kunijaribu. Alisema atanipa kundi la Alhamisi, na ndani ya kundi hilo atakuwamo mtu wake, jicho lake. Nisiulize ni nani. Jicho likiridhika, safari zote za hoteli zitakuwa zetu: matumbawe, fungu la mchanga, mnara wa taa na mapango.

"Na lisiporidhika?" nilimuuliza.

"Basi, mama, tutaendelea kusalimiana."

Nilishuka kile kilima nikiomba kwa kila hatua. Mtu akikuambia mtaendelea kusalimiana, ujue hakuna kingine mtakachoendelea nacho.

Alhamisi asubuhi nilisali, nikafagia boti, nikafuta kioo mpaka shemeji akasema samaki wataona aibu kupita bila nguo. Kisha nikatundika kapu.

Kapu hili nilieleze. Viatu vyenye mchanga hukwaruza kioo, na kioo kikikwaruzika boti yetu ni boti tu kama nyingine. Kwa hiyo tangu siku za marehemu kila abiria huvua viatu pale ngazini na kuviweka kapuni, na kapu hubaki nchi kavu, kwenye msumari wa nguzo. Tukirudi, kila mtu huchukua vyake. Marehemu alikuwa akisema kapu likiwa tupu, bahari haina mtu wetu. Hatujawahi kuhesabu kwa njia nyingine. Shemeji hujaribu kuhesabu vichwa, lakini mara hujisahau mwenyewe, mara hujihesabu mara mbili, na ukimuuliza wamefika wangapi hujibu wamefika wote.

Wageni wakaja na gari la hoteli. Wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamevaa ndala za hotelini, nyeupe, za saizi moja isiyomtosha yeyote. Kapu likajaa ndala za namna moja. Shemeji akachungulia akasema leo tumebeba wodi nzima.

Mimi mawazo yangu hayakuwa kapuni. Nilikuwa natafuta jicho.

Kulikuwa na bwana mmoja mnyamavu aliyekaa nyuma kabisa. Kulikuwa na mzee mwenye bakora aliyeuliza boti ilipakwa rangi lini. Na kulikuwa na mama mmoja mnene, mwenye kucha safi, aliyeshika jaketi la kujiokolea, akalifinya, akaligeuza, kisha akalinusa.

Nikamwambia binti yangu pembeni kwamba nimeshamjua. Akanisihi nisimjue mtu, nihudumie wote sawasawa. Nikamwambia nimesikia. Dakika ile ile nikampelekea yule mama mto wa kukalia, nikamhamishia mahali pazuri kabisa kando ya kioo, nikasimama nyuma yake nikampepea kwa kifuniko cha ndoo.

Nageuka, namwona shemeji naye amempa yule bwana mnyamavu usukani ashike kidogo. Kumbe naye alikuwa na jicho lake.

Basi tukaenda hivyo hivyo, kila mmoja anabembeleza mungu wake wa udongo, Mungu wa kweli anisamehe.

Matumbawe siku ile yalikuwa kama bustani iliyomwagiwa rangi na mtu asiye na haya. Wageni walilala kifudifudi kuzunguka kioo. Shemeji hafahamu majina ya samaki waliyopewa na wenye elimu, kwa hiyo huwapa ya kwake. Yule wa mistari aliyekuwa akikimbizana na wenzake akamwita Shangazi Msibani. Yule wa midomo mikubwa akamwita Mjomba, kwa kuwa haendi mahali pasipo na chakula. Akatokea mmoja akatuangalia, akaingia tundu lake kinyumenyume, shemeji akasema huyo ameona mwenye nyumba anakuja kudai kodi. Yule mzee wa bakora alicheka mpaka bakora ikamponyoka.

Mimi nilikuwa nimefumba macho. Binti aliwaambia wageni mama anasali. Hakuwadanganya.

Tukafika mnara wa taa. Wageni wakapanda ngazi zile za mzunguko pamoja na binti, nami nikabaki chini na mlinzi wa mnara. Mlinzi huyo huogopa kwenda juu. Aliomba kazi ya bandarini akapangiwa mnara, na tangu hapo taa huwashwa na mkewe. Mimi na yeye huelewana sana. Tulikaa kivulini tukiwasikia wenzetu wakishangaa huko mawinguni, tukakubaliana kwamba bahari inaonekana vizuri kabisa ukiwa chini umeipa mgongo.

Kutoka pale tukaenda kwenye fungu la mchanga. Fungu hili hutokea maji yakipwa, jeupe, limevimba katikati kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na maji yakijaa hufunikwa lote, ukipita juu yake hujui kama kulikuwa na kitu. Wageni wakatawanyika. Wengine walipiga picha, wengine wakaota jua, na yule bwana mnyamavu akachimba shimo akakaa ndani yake bila kumweleza mtu sababu.

Yule mama wa jaketi akaja kukaa nami. Nikakaza moyo, nikajua hukumu imefika.

Akaniuliza yale majaketi nimenunua wapi. Nikaanza kujitetea kwamba ni mazima na huanikwa kila jioni. Akasema hilo amelijua kwa harufu. Yeye ni fundi wa kushona maturubai na viti vya magari, na alipoliona lile jaketi alikumbuka kiwanda chake, maana ameshaanza kuchoka na mapumziko.

"Na wewe nakuonea huruma," akaniambia. "Tangu asubuhi unanipepea. Mkono hauumi?"

Mkono ulikuwa unauma sana.

Shemeji naye alikuja uso umemshuka. Bwana mnyamavu alikuwa amesema neno lake la kwanza: alikuwa akiumwa jino. Basi jicho hatukulipata, tukabaki tunatazamana.

Muda mfupi baadaye shemeji akaonja upepo, akaangalia ukingo wa mchanga, akasema maji yamegeuka. Tukawakusanya wageni. Tunapandisha nanga, na Miwani ndiyo kwanza anafika na boti yake, muziki unasikika hadi kwa samaki, abiria wake wanacheza kabla ya kushuka. Alipotuona tunaondoka akatupungia mkono, akauliza kama shule yetu imefungwa mapema hivi. Shemeji akamjibu kwamba kengele ya shule yetu hupigwa na bahari. Miwani akaongeza sauti ya muziki.

Tulirudi salama. Binti akawapa watu mikono mmoja mmoja, kila mtu akatia miguu kwenye ndala, wakapanda gari la hoteli kuelekea mapangoni, ambako safari yao ilikuwa iendelee, na binti akaenda nao. Yule fundi wa maturubai alinikumbatia. Yule mzee wa bakora akaahidi kumleta mkewe.

Niliketi ngazini nikashukuru. Nikawaza kwamba jicho, yeyote awaye, limeona watu wakicheka. Tukaosha kioo, tukafunga turubai, hata boti ya Miwani ikawa imerudi na watu wake wametawanyika. Ndipo nikaenda kulitungua kapu nirudi nyumbani.

Kapu lilikuwa na ndala.

Jozi moja, nyeupe, zimelala kifudifudi moja juu ya nyingine.

Sikupiga kelele. Nilimwita shemeji kwa mkono, naye akaja akichezesha funguo, akachungulia, funguo zikanyamaza.

"Mtu amekwenda peku," akasema.

Nilimwambia aangalie pale gari lilipokuwa limesimama. Ni kokoto tupu, na saa zile za jua kokoto zinaunguza kama kikaango. Mtu apite pale peku, tena mgeni wa hoteli, asitoe hata yowe moja? Tulikuwa tumesikia vicheko tu.

Nikampigia binti. Simu haikupatikana. Tayari walikuwa mapangoni, na mle simu huwa tochi tu.

Nikamuuliza shemeji kama pale fungu aliwahesabu. Akasema aliwahesabu, walikuwa wote. Nikamuuliza wote wangapi. Akaanza kuhesabu vidole.

Kisha akaniambia jambo, naye aliliambia kwa upendo, msimlaumu. Alisema tukitoa boti sasa, mchana kweupe, haina abiria, kila mtu gatini atajua tumesahau mgeni. Miwani yuko pale kwenye kiti chake. Habari itafika kilimani kabla ya sisi kufika funguni. Kwa nini tusingoje kidogo binti apatikane kwenye simu? Labda ni ndala tu. Tukumbuke Jumamosi.

"Shemeji," nikamwambia, "kama mwenye ndala hizi yuko kule, huyo hana hata Ijumaa."

Akaanza kufungua kamba.

Nami nikafanya lile ambalo yeye hakunishauri. Nilimpigia meneja. Nilitamani asipokee, akapokea.

"Meneja, nadhani nimemwacha mgeni wako kwenye fungu. Nakwenda kumchukua."

Nilisikia mtu huko kwake akigongagonga vikombe.

"Nenda," akasema. "Nakuja hapo ufukweni."

Simu ikakatika. Nikaiweka kifuani pamoja na sala yangu, nikapanda.

Miwani alisimama kwenye kiti chake kutuangalia. Akaniuliza kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayekukalia matanga yako, kama kuna kitu tumesahau. Nikamwambia ndiyo. Hakutegemea jibu hilo, akabaki amefungua mdomo, na mashine yetu ikamvurumishia moshi.

Njia nzima shemeji hakutania. Mimi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilisimama mbele kabisa ya boti, macho wazi. Niliona maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona, na sikuyaogopa, kwa kuwa kila wimbi nilikuwa naliuliza habari za mtu.

Mgongo wa ng'ombe ulikuwa umebaki kama ulimi. Upande wetu hapakuwa na kitu. Shemeji akazunguka kwa upande wa pili wa mwinuko, na huko tukamwona.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye tumbo la amani. Alikuwa amesimama juu ya sanduku la barafu, suruali kaikunja hadi magotini, mwavuli mkubwa mkononi, maji yanamzunguka pande zote. Alikuwa anaimba.

"Nilijua mtakuja," akatuambia tulipomkaribia.

"Ulijuaje?" shemeji akamuuliza.

"Sikujua. Lakini ulitaka niimbe nini?"

Tukampandisha. Nilimwangalia usoni, nikamwangalia tena. Mimi sura ya mtu siisahau, na ile sikuwa nimeipepea wala kuipita siku nzima. Nikamwambia, bwana, wewe hukupanda boti yangu.

Akakiri mara moja, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alitakiwa apande kwetu, ila alichelewa. Alipofika ngazini alikuta kapu limejaa ndala kama zake, akavua zake akaziweka, na alipoinua kichwa boti ya kioo ilikuwa imeshafika mbali. Pembeni palikuwa na boti nyingine yenye kivuli, muziki, na watu wanaocheza. Akawaza kwamba bahari ni moja na fungu ni moja, atatukuta huko huko. Alipofika sisi tulikuwa tunaondoka. Basi akacheza. Jua lilipomchoma akaliburuta sanduku la vinywaji nyuma ya mwinuko, akafungua mwavuli, akanywa kitu baridi, akalala. Alipoamka miguu yake ilikuwa inaelea.

Watu wa Miwani hawakumwona, na kwa kuwa sanduku nalo hawakuliona, kila mmoja alidhani mwenzake amelipakia.

Shemeji alicheka mpaka boti ikaanza kwenda inakotaka yenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa chini nashukuru. Kapu la marehemu halikudanganya. Bahari ilikuwa na mtu, ila hakuwa wetu.

Kabla hatujaondoka shemeji alitaka kulipandisha sanduku. Lilikuwa zuri, jipya, na kwenye kifuniko ile miwani ya njano inatutazama. Chini lilikuwa limezama mchangani na ndani limejaa chupa, kulitoa kungetaka nguvu. Nikamkataza. Nikamwambia cha mtu hakiguswi bila mwenyewe, atakifuata akipenda.

Laiti ningejua. Uchaji nao una siku yake ya kukuponza.

Tulipokuwa nusu ya njia, yule bwana akasogea karibu yangu. Uso wake ulikuwa umebadilika, tumbo la amani limeingia ndani. Akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua kuwa tumemfuata. Nikamwambia nimempigia meneja wa hoteli, na sasa hivi atakuwa ufukweni anatungoja.

Akafunga mwavuli polepole.

"Mama," akasema, "yule ni mke wangu."

Shemeji aliacha kucheka.

Basi yakamwagika yote. Yeye ndiye alikuwa jicho. Mkewe alimpa kazi moja tu kwa mwaka huu, apande boti ya mjane, atazame, arudi aseme. Na kitu kimoja alichokatazwa ni kuonekana tena kwenye muziki wa Miwani, maana mara ya mwisho alirudi nyumbani na shati la mtu mwingine. Sasa ile kazi imemshinda na lile katazo amelivunja, vyote kwa asubuhi moja.

Akanishika mikono yote miwili. Alisema jambo lenyewe ni rahisi. Niseme tu kwamba alikuwa kwenye boti yangu. Yeye atasema alijificha makusudi ili atupime kama tutamkumbuka, na tukamkumbuka. Atasema hajapata kuona safari nzuri kama ile. Atawasifu samaki, atausifu mnara, atanisifu mimi. Kazi ya hoteli itakuwa yetu kabla jua halijatua.

Shemeji alikuwa ameshika usukani, ameangalia mbele, lakini masikio yake niliyaona yamekaa kama ya sungura.

Sitaki kuwadanganya ninyi mnaonisoma. Niliwaza. Niliiona boti ikiwa yetu Jumamosi na Jumapili na mwaka ujao. Niliona binti hahitaji kwenda kuomba kazi kwa watu. Na uongo wenyewe ulikuwa mdogo, mzuri, umeoshwa, haumwumizi mtu.

"Ulimwona hata samaki mmoja?" nikamuuliza.

"Nimemla mmoja jana."

"Basi mimi nitajibu nitakaloulizwa," nikamwambia. "Omba nisiulizwe."

Akarudi kukaa peke yake.

Meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, maji yanamgusa vidole. Miwani alikuwa kando yake, amemletea kiti ambacho hakukikalia. Kwa namna alivyosimama nilijua ameshamweleza mengi. Gati zima lilikuwa limesimama, hata wasusi wa nyavu walikuwa wamekuja na nyavu zao.

Alimtazama mumewe kuanzia suruali iliyokunjwa mpaka mwavuli. Alipouliza, hakumuuliza yeye.

"Mama, huyu alikuwa kwenye boti yako?"

Aliuliza polepole, kila neno na nafasi yake. Nilimwona shemeji akifumba macho.

"Hapana," nikasema. "Viatu vyake ndivyo vilivyokuwa kwangu. Mwenyewe alikuwa kwa Miwani."

Watu waliguna kama kwaya. Meneja akamgeukia mumewe.

"Ulikuwa boti ya nani?"

Yule bwana alinitazama. Akamtazama Miwani. Akamtazama mkewe, na hapo ndipo ushujaa ulipomwishia.

"Ya mama huyu," akasema. "Walinisahau."

Mtu niliyemtoa majini na mchanga wake bado uko kwenye kioo changu.

Miwani akakohoa. Akasema yeye hapendi kuingilia mambo ya watu, lakini bwana huyu hajamtia machoni leo, na abiria wake wote walirudi. Akaongeza kwamba hana ubaya nami, kwamba bahari si kazi ya kila mtu, na kwamba ndiyo maana yuko tayari kunipunguzia mzigo Jumamosi.

Shemeji akaanza kusema, meneja akamnyamazisha kwa kidole. Alisema ndugu wa mtu si shahidi. Nikamwambia wako abiria wangu, wataulizwa. Akaniuliza wako wapi. Mapangoni, nikasema, hawapatikani mpaka jioni. Akasema yeye si mtu wa kulala na swali.

"Una kitu gani sasa hivi?"

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na ndala, na ndala zilimkubalia mumewe, si mimi. Nilimwita Mungu moyoni, si kwa maneno marefu. Ndipo nikaiona akilini ile miwani ya njano, siyo ya usoni.

"Kule funguni kuna sanduku la barafu," nikamwambia. "Alikuwa amesimama juu yake. Lina alama ya mwenyewe kwenye kifuniko. Kama ni mgeni wangu, mwulize vinywaji vya Miwani alivinywaje."

Yule bwana akatazama vidole vyake vya miguu. Miwani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akagusa miwani yake kama anayetaka kuivua.

"Sanduku langu liko botini," akasema.

"Lionyeshe," meneja akamwambia.

Hakujongea.

Meneja hakungoja. Alivua viatu vyake vya kisigino, akaviweka kapuni bila kuambiwa, akapanda boti yetu na gauni lake la kazini. Mumewe alipotaka kupanda naye akamwambia abaki pale pale, asimame, watu wamwone. Kisha akamuuliza shemeji maji yamefika wapi.

Shemeji akaangalia nguzo. Alisema wakati tunatoka funguni yalikuwa yameshafika kwenye vipini vya sanduku. Sasa hivi yatakuwa yamekaribia kifuniko. Yakizidi hapo mchanga utaliachia, na likishaachiwa, mkondo wa pale haurudishi kitu.

"Basi unangoja nini?" meneja akasema.

Mashine iliwaka kwa mvuto wa kwanza, jambo ambalo halijatokea tangu marehemu atutoke. Nikasimama tena mbele, macho wazi, meneja ameshika bega langu.

Hatujafika mbali kutoka ngazini nikasikia muziki umeanza ghafla nyuma yetu, kisha ukakatwa, na mahali pake pakaja mngurumo. Niligeuka. Miwani alikuwa ameruka ndani ya boti yake, ile yenye mashine mbili, hana abiria, turubai linapepea. Hakuwa anatufuata sisi. Alikuwa anaelekea funguni, naye anakwenda kasi mara mbili yetu.